Kwa nini mpwa wangu amepata ufadhili kamili wa riadha Marekani, na kaka yake akakosa?

Mwalimu_wa_Bondeni aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari katika kaunti ya Elgeyo-Marakwet, na jambo ninalolileta hapa limezua mabishano nyumbani kwetu tangu mwezi uliopita. Dada yangu ana watoto wawili wanaokimbia. Binti anakimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na kaka yake, aliyemtangulia kwa mwaka mmoja, anakimbia mita 5,000. Kocha wa chuo kikuu kimoja cha Marekani amekuwa akiwasiliana nao wote wawili. Binti ameahidiwa ufadhili kamili, yaani ada, malazi, chakula na vitabu. Kijana ameambiwa kwamba kipaji anacho, lakini kikosi cha wanaume hakiwezi kumpa zaidi ya sehemu ndogo ya ada, na sehemu inayobaki hatuwezi kuilipa hata tukiuza ng'ombe wote. Kinachonitatiza ni kwamba, kila mmoja akilinganishwa na wakimbiaji wa jinsia yake, kijana si dhaifu kuliko dada yake.

Shemeji yangu, baba yao, amesoma mahali kwamba ipo sheria ya Marekani inayovilazimisha vyuo kuwapa wanawake nafasi sawa na wanaume katika michezo, ambayo wenyewe huiita Title IX, na kwamba kwa ajili yake vikosi vingi vya wanaume vimevunjwa. Sasa anauliza kama binti yake amepewa nafasi kwa stahili yake, au amepewa ili hesabu ya watu wengine itimie. Nisingependa mpwa wangu apande ndege akiwa na swali hilo moyoni. Naomba wenye ufahamu wanieleze sheria hii inasema nini hasa, inafanyaje kazi, na kama ni kweli kwamba nafasi anayopata msichana mmoja ni nafasi aliyonyang'anywa mvulana mmoja.

Msoma_Sheria alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Nitaanza na maandishi ya sheria yenyewe, kwa sababu wengi wanaoibishania hawajapata kuyasoma, na wala si marefu. Ni sentensi moja yenye maneno 37 ya Kiingereza. Inasema kwamba hakuna mtu katika Marekani ambaye, kwa sababu ya jinsia yake, atazuiwa kushiriki, atanyimwa manufaa au atabaguliwa katika mpango au shughuli yoyote ya elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Angalia mambo mawili. Kwanza, neno michezo halimo kabisa. Pili, imeandikwa "mtu", haikuandikwa "raia", kwa hiyo mpwa wako akishaandikishwa chuoni analindwa nayo sawasawa na msichana aliyezaliwa Ohio.

Rais Richard Nixon aliitia saini tarehe 23 Juni 1972, baada ya kazi ya wabunge Edith Green wa Oregon na Patsy Mink wa Hawaii, pamoja na seneta Birch Bayh wa Indiana. Walichokuwa wakikilenga zaidi ni milango ya vyuo, hasa vya udaktari na sheria, ambavyo wakati huo viliweka kikomo cha wanawake wa kupokelewa. Michezo iliingia kwa sababu vyuo vya Marekani huiendesha kama sehemu ya elimu. Wakuu wa michezo walipotambua hivyo walishtuka, na mwaka 1974 seneta John Tower wa Texas alijaribu kuiondoa ndani ya sheria michezo inayoingiza mapato. Bunge halikukubali. Kanuni zikatolewa mwaka 1975, na mwaka 1979 ukatoka ufafanuzi ambao ndio chanzo cha ubishi wote wa leo.

Ufafanuzi huo unakipa chuo njia tatu za kuonyesha kwamba kinawatendea haki wanafunzi wake, na moja ikitimia inatosha. Chuo kinaweza kuonyesha kwamba uwiano wa wanawake kati ya wanamichezo wake unakaribiana na uwiano wao kati ya wanafunzi wote. Au kwamba kimekuwa kikiongeza michezo ya jinsia iliyoachwa nyuma, na bado kinaendelea kuiongeza. Au kwamba hamu na uwezo wa jinsia hiyo vimeshatoshelezwa kikamilifu. Njia ya pili ni ngumu kwa chuo ambacho hakijaongeza timu kwa miaka, na ya tatu huporomoka siku ambayo wasichana wenye uwezo wanakuja kudai timu yao. Kwa hiyo wakuu wengi hukimbilia ya kwanza, ambayo ni hesabu tupu na mawakili huipenda.

Chukua chuo cha kufikirika chenye wanamichezo 500, ambamo wanawake ni asilimia 57 ya wanafunzi, kiwango ambacho ndicho cha vyuo vya Marekani kwa ujumla. Kwa uwiano huo wanawake watakuwa 285 na wanaume 215. Sasa futiboli ya Kimarekani, ambayo ni ya wanaume, ina kikosi cha watu 105. Wanaume wa michezo mingine yote wanabaki kugawana nafasi 110. Kijana wenu yuko katika hizo 110, pamoja na wa mpira wa kikapu, kuogelea, besiboli na mieleka, ilhali dada yake yuko katika 285.

Mambo hayo yalionekana wazi kwenye viwango vya ufadhili vya daraja la kwanza la michezo ya vyuo, vilivyodumu hadi mwaka 2025. Futiboli ilikuwa na ufadhili 85, wote kamili. Riadha na mbio za nyika za wanaume kwa pamoja zilikuwa na 12.6, ambazo kocha alizigawa vipande vipande kwa kikosi kizima. Za wanawake zilikuwa 18. Mpira wa wavu ulikuwa 12 kwa wanawake na 4.5 kwa wanaume. Kupiga makasia kwa wanawake kulikuwa na ufadhili 20, na kuna vyuo vilivyoanzisha mchezo huo mahali ambapo hata ziwa la maana halipo. Kinachofidiwa katika tarakimu hizo zote ni zile 85. Vikomo hivyo vimeondolewa sasa, lakini bajeti zilijengwa juu yake, na bajeti haigeuki kwa msimu mmoja. Nadhani hilo ndilo jibu alilopewa kijana wenu, ingawa kocha hakulisema hivyo.

Baba_Mwanamieleka alijibu:

Nimesoma maelezo ya ndugu Msoma Sheria, na sina ubishi naye kuhusu tarakimu. Lakini mimi ni Mkongomani ninayeishi Iowa, jimbo ambalo watu wake wanaipenda mieleka kama sisi tunavyoupenda mpira wa miguu, na ninataka mwalimu asikie upande ambao tarakimu hazisemi.

Mwanangu alianza mieleka akiwa na miaka tisa. Alipoingia chuoni hakupewa ufadhili hata wa senti moja. Alijilipia masomo kwa mkopo na kwa kazi ya usiku, akafanya mazoezi na kikosi kwa sababu aliupenda mchezo. Mwaka wake wa pili kikosi kikavunjwa. Waliitwa katika chumba kimoja, wakasomewa tamko, na moja ya sababu walizopewa ilikuwa uwiano wa kijinsia. Kijana ambaye hakukigharimu chuo karibu chochote aliondolewa kwa sababu kuwapo kwake tu, jina lake kwenye orodha, kuliharibu asilimia. Hakuna msichana hata mmoja aliyepata mchezo mpya kwa yeye kuondoka. Mnisamehe, lakini sheria inayotimizwa kwa kufuta majina ya wavulana, bila kuandika hata jina moja la msichana, sijui inampa nani haki.

Makocha wa mieleka waliishtaki Wizara ya Elimu kuhusu jambo hili, na kesi yao ikatupwa mwaka 2003, kisha rufaa ikashindwa mwaka uliofuata, kwa hoja kwamba walioamua kuvunja vikosi ni vyuo, na kwamba kubadilisha ufafanuzi wa serikali si hakika kungevirudisha. Kisheria naelewa. Kama baba, bado ninaona kwamba kila mmoja alimwelekezea kidole mwenzake, na mwanangu akabaki amesimama katikati.

Kwa hiyo, mwalimu, sisemi kwamba mpwa wako anachukua cha mtu. Nasema tu kwamba shemeji yako hakuota.

Mkimbiaji_Mstaafu alijibu:

Baba Mwanamieleka, pole sana, na ninaamini kila neno ulilolisema. Nina swali moja tu kwako: mwaka ule kikosi cha mwanao kilipovunjwa, futiboli ilipunguziwa wachezaji wangapi? Timu ya kulipwa ya NFL, ambayo watu wanaishi kwayo, inaruhusiwa wachezaji 53. Chuo kinataka 105. Huko nyuma katika miaka ya 1984 hadi 1988, baada ya Mahakama ya Juu kuibana sheria katika kesi ya chuo cha Grove City, hadi Bunge lilipoirudishia nguvu kwa kuishinda kura ya turufu ya Rais Reagan, idara nyingi za michezo hazikubanwa nayo kabisa. Vikosi vya mieleka viliendelea kuvunjwa katika miaka hiyo hiyo. Mwenye kisu alikuwa na sababu zake kabla ya kupata ya kuwaambia watu.

Sasa nimgeukie mwalimu, kwa sababu mimi nilikuwa binti kama mpwa wako. Nilitoka Burundi nikakimbia miaka minne katika chuo cha magharibi ya kati, na nitakueleza jambo ambalo hakuna kocha atakayemweleza. Katika hesabu ya chuo, mimi sikuwa mwanamichezo mmoja. Nilikuwa watatu. Msimu wa vuli nilikimbia mbio za nyika, majira ya baridi nikakimbia ukumbini, majira ya kuchipua nikakimbia uwanjani, na kwa kanuni za kuhesabu hiyo ni michezo mitatu tofauti, kwa hiyo jina langu liliandikwa mara tatu. Mkimbiaji wa masafa marefu ni mali kwa idara yoyote inayotafuta uwiano: unalipa ufadhili mmoja, unapata wanawake watatu kwenye karatasi. Mvulana wa masafa marefu naye huandikwa mara tatu, ila kwake hiyo ni hasara kwa chuo. Msoma Sheria alisahau kulitaja hilo, na kwa maoni yangu ndilo linaloeleza kwa nini kaka yake alijibiwa vile.

Mchezo huu wa hesabu uliwahi kufika mahakamani. Mwaka 2009 chuo kikuu cha Quinnipiac huko Connecticut kilitangaza kuuondoa mpira wa wavu wa wanawake, na kuwapandisha wasichana wa kushangilia wawe timu kamili ya mashindano. Wachezaji wa mpira wa wavu na kocha wao wakashtaki. Jaji Stefan Underhill alipofungua vitabu, ilionekana kwamba wanaume walikuwa wakitolewa kwenye orodha kabla ya siku ya kuhesabiwa kisha wakirudishwa, na wanawake wakiongezwa kwa ajili ya siku hiyo kisha wakiachwa. Katika hukumu ya mwaka 2010 alikataa kuwahesabu wale wasichana 30 wa kushangilia, kwa sababu mashindano yao hayakuwa na utaratibu wa kueleweka, na akapunguza nafasi 11 za wakimbiaji wa mbio za nyika waliolazimishwa kuandikwa katika vikosi vya ukumbini na uwanjani bila kupata cha kufanya humo, wengine wakiwa majeruhi. Baada ya hesabu kusafishwa, ikabaki tofauti ya asilimia 3.62 kati ya uwiano wa wanafunzi na uwiano wa wanamichezo, na chuo kikashindwa. Mahakama ya rufaa ilikubaliana naye mwaka 2012. Huwa naikumbuka kesi hiyo kila nisikiapo kwamba wanawake wamependelewa. Walikuwa wakipendelewa kwa kalamu.

Hata walipopewa kweli, hawakupewa sawa. Mwaka 2021, katika mashindano ya kitaifa ya mpira wa kikapu, wanaume waliwekewa ukumbi mzima wa vyuma vya mazoezi huku wanawake, kule San Antonio, wakiwekewa mnara mmoja mdogo wa vyuma vya mkononi, na dunia isingejua kama mchezaji Sedona Prince hangepiga video. Na kuna jambo la makocha ambalo linanisikitisha zaidi ya vyuma. Kabla ya sheria, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Fedha zilipoingia, kazi hiyo ikapendeza, na wanaume wakaitaka; leo makocha wanawake hawafiki hata nusu. Miaka minne sikuwahi kufundishwa na mwanamke.

Pamoja na hayo yote, ningekwenda tena. Nisingepata shahada yangu kwa njia nyingine yoyote. Sally Kipyego alifika Texas msichana mgeni kama huyu wenu, akashinda mataji tisa ya vyuo akiwa Texas Tech, kisha akachukua medali ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London. Doris Lemngole, anayekimbia mbio hizo hizo za mpwa wako kwa chuo kikuu cha Alabama, aliimaliza fainali ya vyuo ya mwaka 2025 kwa dakika 8 sekunde 58, na hakuna mwanachuo aliyekuwa amewahi kushuka chini ya dakika tisa. Mwambie shemeji yako amtazame yule, kisha aulize tena kama ni hesabu ya watu wengine.

Mwalimu_wa_Bondeni aliandika:

Nawashukuru nyote, na Baba Mwanamieleka nakupa pole kwa ajili ya mwanao. Dada Mkimbiaji, nimemsomea dada yangu maneno yako kuhusu kuandikwa mara tatu, akacheka, kisha akanyamaza kwa muda.

Nina swali la ziada. Tunasikia kwamba sasa vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo fedha taslimu. Je, sheria hii inahusika na fedha hizo, na mpwa wangu atapata chochote?

Msoma_Sheria alijibu:

Mwalimu, hapo ndipo vita vilipohamia. Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha mapatano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, ambayo ndiyo taasisi inayosimamia michezo ya vyuo vikubwa. Kwa mapatano hayo, wanamichezo wa zamani watafidiwa takriban dola bilioni 2.8, na kila chuo kilichoyakubali kinaweza kuwalipa wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Vikomo vya ufadhili vikaondolewa na mahali pake vikawekwa vikomo vya idadi ya kikosi: 105 kwa futiboli, 17 kwa mbio za nyika, 45 kwa riadha.

Fidia ya miaka ya nyuma imegawanywa kwa namna ambayo takriban asilimia 90 inakwenda kwa futiboli na mpira wa kikapu wa wanaume, na vyuo vingi vimeelekea kufuata mgao kama huo kwa malipo mapya. Wanaoutetea wanasema fedha zimfuate anayezileta. Wanaoupinga wanasema chuo hakiwezi kuwalipa wanaume karibu kila kitu kisha kikaita hiyo ni elimu bila ubaguzi. Wanariadha wanane wa kike walikata rufaa siku chache baada ya idhini hiyo. Serikali yenyewe haikuwa na kauli moja. Mnamo Januari 2025, siku chache kabla Rais Biden hajaondoka, Wizara ya Elimu ilisema malipo ya vyuo yanafuata uwiano wa Title IX kama ufadhili mwingine. Mwezi Februari serikali ya Rais Trump ikaifuta kauli hiyo. Kwa maoni yangu hoja ya Tower ya mwaka 1974, iliyokataliwa bungeni, imeingia kwa mlango wa nyuma. Na hoja yenyewe imezeeka: fainali ya mpira wa kikapu ya wanawake ya mwaka 2024, kati ya Iowa na South Carolina, ilitazamwa na watu milioni 18.9, wakati ya wanaume ilitazamwa na milioni 14.8.

Kuhusu mpwa wako, asitegemee fedha hizo. Mkimbiaji wa masafa marefu yuko mwisho wa foleni, na viza ya mwanafunzi ina masharti makali kuhusu malipo, kwa hiyo asitie saini mkataba wowote wa matangazo kabla ya kuiuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake. Kosa dogo la karatasi linaweza kumrudisha nyumbani.

Naona pia watu wengine siku hizi wanapotaja sheria hii huwa na maana ya wanamichezo waliobadili jinsia. Sikuligusa jambo hilo kwa sababu halimhusu kijana wenu: Desemba 2024 rais wa NCAA, Charlie Baker, aliwaambia maseneta kwamba kati ya wanamichezo 510,000 anawajua wasiofika kumi, na Februari 2025 taasisi yake ikawazuia kushindana upande wa wanawake baada ya amri ya Rais. Kikosi cha wanaume cha riadha hakikubanwa na hao.

Baba_Mwanamieleka aliandika:

Dada Mkimbiaji, swali lako sikulijibu jana kwa sababu jibu nilikuwa nalijua. Futiboli haikupunguziwa hata mtu mmoja. Mwaka ule ule walijengewa chumba kipya cha kubadilishia nguo.

Binti yangu mdogo naye ameanza mieleka. NCAA iliutambua mchezo huo kwa wanawake kuwa wa ubingwa Januari 2025, na makocha wameshaanza kutupigia simu. Kaka yake ndiye anayemfundisha.

Mwalimu_wa_Bondeni aliandika:

Nimempigia kocha kwa ushauri wenu, nikamuuliza waziwazi kama binti atakimbia misimu yote mitatu, na kama ufadhili utaendelea akiumia. Swali la kwanza alilijibu upesi: ndiyo, yote mitatu. La pili aliomba muda, na jana ameleta barua inayosema kwamba ufadhili hautaondolewa kwa sababu ya jeraha. Shemeji ameisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka pamoja na hati ya shamba.

Kijana ameanza kuviandikia vyuo vidogo vya miaka miwili, kwa kuwa Dada Mkimbiaji alinieleza faraghani kwamba hata Kipyego alipitia kimoja cha aina hiyo kabla ya Texas Tech. Dada yake ndiye anayemsahihishia barua zake za Kiingereza.

Mkimbiaji_Mstaafu aliandika:

Ahakikishe muda wake wa mita 5,000 unaandikwa pamoja na mahali na mwinuko wa uwanja kutoka usawa wa bahari. Makocha wa kule hawajui Iten iko juu kiasi gani, na dakika moja ya milimani si dakika moja ya Kansas.